Noah nyeusi haijawahi kuja

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, wazee wangu shikamooni. Mwalimu kaniambia niongee dakika kumi kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu na mi sio mtu wa majukwaa, mi nauza vitenge, kwa hiyo nikichanganya mambo mtanivumilia.

Wanangu walivyokuwa wadogo nilikuwa naiogopa Noah nyeusi, lile gari la kuteka watoto. Mnaikumbuka, eeh? Ina vioo vya tinti, inakusanya watoto, leo imeonekana Buza kesho imeonekana Mbagala, na kila mtu ana shoga yake aliyeiona ila yeye mwenyewe hajaiona. Nilikuwa silali. Asubuhi nilikuwa siwezi kuwapeleka shule, niwahi Kariakoo, basi nikamkabidhi dada wa kazi awasindikize, nikamwambia ukiona Noah imepunguza mwendo piga kelele. Huyo dada mkumbukeni, nitamrudia.

Noah haikuja. Kilichokuja ni meseji WhatsApp. Binti yangu mkubwa ana miaka 20, amemaliza fomu siksi yuko tu nyumbani, kaja jikoni na simu, mama nimepata kazi Thailand, huduma kwa wateja, dola 1,000 kwa mwezi, tiketi wanalipa wao, viza wanalipa wao, nitakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Aliyemuunganisha nani? Rafiki yake waliyesoma wote, ameshawahi kula ugali kwangu. Mi nikaruka kwa furaha jamani nisiwafiche, nikaanza na kuhesabu bati za nyumba. Ni mdogo wangu wa kiume ndo aliuliza, dada, huyo mteja wa Thailand atahudumiwa kwa Kiswahili?

Ndo nikaanza kufuatilia. Kumbe wengi wanaoitiwa kazi hizo wanashushwa Bangkok, wanapakiwa kwenye gari masaa kibao mpaka mji wa mpakani unaitwa Mae Sot, wanavushwa mto, na ukishavuka hapo haupo tena Thailand, upo Myanmar, sehemu inaitwa Myawaddy. Huko kuna makambi yana kuta na walinzi wenye bunduki, unakalishwa kwenye kompyuta ujifanye mchumba wa mtu wa Marekani umtapeli hela zake, usipofikisha kiasi wanachotaka unapigwa, ukitaka kuondoka unaambiwa lipa kwanza. Mwanzoni mwa 2025 walitolewa watu maelfu, wamo Waethiopia, wamo Wakenya, vijana wamesoma na kingereza kinawatoka vizuri tu. Hiyo tiketi ya bure ndo deni lenyewe.

Sasa nikaenda kwa mama mmoja wa ustawi wa jamii nikitaka anisaidie kumtisha mtoto. Akanielekeza taratibu, akasema tuna sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu toka 2008, na wanaangalia vitu vitatu. Umemchukua mtu, au umemsafirisha, au umempokea. Umempata vipi, kwa nguvu, kwa uongo, au kwa kutumia shida zake. Halafu umemchukua ili umnyonye. Akanyamaza kidogo akasema, ila akiwa chini ya miaka 18 hilo la umempata vipi hatuliulizi, hata awe amekubali mwenyewe na mama yake kambariki.

Wazazi, hapo mwili ulipata ubaridi.

Yule dada wangu aliletwa 2016 kutoka Singida. Dalali nilimpa elfu hamsini na nauli juu. Aliniambia binti ana 16, mi nikamwangalia nikaona huyu hata 14 hajafika, na 14 ndo umri ambao sheria ya mtoto ya 2009 inaruhusu hata hizo kazi nyepesi, lakini nilikuwa na shida ya mtu nikakaa kimya. Binti yangu alikuwa darasa la tano, yule anambebea begi, wanalingana mabega. Mshahara wake nilikuwa namtunzia mimi. Kisimu alichokuja nacho nilikiweka kabatini asije akaharibika. Siku ya mapumziko hakuna, labda kanisani na tunaenda naye. Na nilikuwa nampenda, mama pale nyuma usicheke, nilikuwa nampenda kweli, alikuwa anakula tunachokula. Lakini tukisikia Oman tajiri kakaa na pasipoti ya binti wa Kitanzania, kambania mshahara na simu, si tunalia hapa na kusema Waarabu wana roho mbaya? Mi nilikuwa nimeifungia kabatini simu ya mtoto niliyemtuma akawalinde wanangu na Noah.

Alirudi kwao baada ya mwaka na nusu. Hela yake nilimpa pungufu. Mwaka huu nimemtafuta kupitia mama yake nikamalizia, akapokea akasema asante mama, hakuongeza neno, na mi sikuwa na la kusema.

Binti yangu hakwenda, alininunia wiki mbili. Tumekubaliana kazi yoyote ya nje tunaenda kwanza TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kuuliza kama huyo wakala ana kibali, na kopi ya pasipoti inabaki kwangu. Halafu tuna neno letu, akiniandikia nimsalimie babu najua yuko pabaya, maana babu yao alishafariki zamani. Wadogo zake nimewakaririsha 116, ile namba ya watoto, ni bure hata kama simu haina salio.

La mwisho nakaa. Jumanne dalali yule yule kanitumia meseji, mama fulani nina mabinti wawili toka Iringa, wadogo, wasikivu, hawajajanjaruka. Sijaifuta. Mwenyekiti wa mtaa nimekuona umekaa pale, tukitoka hapa usiondoke, namba ninayo.