Seva iko Frankfurt, wewe uko Tabata: shughuli ya kuapgredi Ubuntu kwa mbali

NEEMA: Haya karibuni tena, mimi Neema, niko na kaka Seba kama kawaida. Leo tunaongelea kuapgredi Ubuntu, ule mfumo unaoendesha seva, kuipeleka toleo jipya ukiwa mbali, ile kazi ambayo watu wa seva wanaikwepa mpaka wabanwe. Ubuntu 20.04 sapoti yake ya kawaida iliisha 2025 mwezi wa tano, na mi bado nazikuta zinadunda tu.

SEBA: Hiyo afadhali dada, mi naziona mpaka CentOS 7, mfumo mwingine wa seva, na ile sapoti yake ilifungwa 30 Juni 2024. Ukimuuliza mwenyewe anakwambia "inafanya kazi, usiiguse".

NEEMA: Na hakudanganyi.

SEBA: Hadanganyi ndo maana inakuwa ngumu! Seva iko Frankfurt, wewe uko Tabata, huwezi kwenda kuchomeka kibodi, unaingia kwa SSH tu, ile njia ya kuipa seva amri kwa maandishi ukiwa mbali, halafu kwenye kuapgredi hiyo SSH yenyewe nayo inabadilishwa. Fundi anabadili kitasa cha mlango uliofungwa na yeye yuko nje.

NEEMA: Ila Ubuntu hilo waliliwaza. Ukipiga amri ya kuapgredi, do-release-upgrade, ukiwa ndani ya SSH inakwambia itafungua SSH nyingine poti 1022, yaani mlango mwingine wa kuingilia, na kazi yote inaenda ndani ya screen, programu inayoshikilia kazi hata ukikatika, kwa hiyo bando likikata katikati we unarudi unaikuta inaendelea.

SEBA: Sawa, na hiyo 1022 nani kaifungua kwenye faiawoli, ule ukuta unaochagua poti zipi zipitike? Yenyewe inakuandikia kabisa pale kwamba haiifungui, fungua mwenyewe, lakini nani anasoma, watu wanabonyeza y wanasonga. Na faiawoli mara nyingi ziko mbili, ya ndani ya seva na ile ya kwenye paneli ya wanaokukodishia.

NEEMA: Ya pili ndo inasahaulika.

SEBA: Kuna jamaa walituita, SSH yao walikuwa wameihamishia poti 2222. Katikati ya apgredi ikauliza, faili la sshd_config, lile la mipangilio ya SSH, mmelibadilisha, nibaki nalo au niweke jipya? Kijana wao akachagua jipya. Basi SSH ikarudi poti 22 ya kawaida, faiawoli inaruhusu 2222 tu, na hakuna aliyejua kwa sababu yule aliyekuwa ndani kabaki ndani, anaandika, kila kitu safi, mpaka alipoizima na kuiwasha upya. Kwisha habari.

NEEMA: Si wangepita kwenye konsoli ya kwenye brauza, ile skrini ya seva wanayokupa wanaokukodishia?

SEBA: Walipita, ikawauliza paswedi. Miaka yote wanaingia kwa faili la ufunguo, paswedi hakuna aliyewahi kuiweka.

NEEMA: Eeh pole yao. Ndo maana mi nasema konsoli uijaribu siku tatu kabla, sio siku ya msiba. Halafu haya ya mlango ni nusu tu, mtu anaingia vizuri anakuta PHP, lugha inayoendesha saiti, imetoka 7.4 imekuwa 8.1, saiti nyeupee. Postgres, ile hifadhidata, ndo usiseme, 12 yako inabaki pale na data zako, pembeni imewekwa 14 tupu poti 5433, data hazihami zenyewe. Ukitaka kuzihamisha kwa amri ya pg_upgradecluster inabidi ile 14 tupu uifute kwanza, na hapo mtu mwenye usingizi anaweza kuifuta 12.

SEBA: Mi sioni haja ya mateso hayo. Washa seva mpya ya 24.04, hamishia vitu taratibu, ujaribu, siku ya mwisho unabadili DNS, ili jina la saiti liwapeleke watu seva mpya. Kwanza toka 20.04 huwezi kuruka moja kwa moja mpaka 24.04, lazima upite 22.04, kwa hiyo hofu hiyo unaila mara mbili.

NEEMA: Unaongea kama mtu asiye na mteja wa malipo ya simu. Seva mpya ni IP mpya kaka, yaani anwani mpya ya mtandao, na wale wa malipo wameruhusu IP yako ya zamani tu. Kuwaomba wabadilishe ni barua, fomu, uwapigie simu, wakwambie mhusika yuko likizo, na muda wote huo hela za wateja haziingii.

SEBA: Hapo umenikamata. Ila kuna watoa huduma wanakuruhusu IP uihamishie seva mpya.

NEEMA: Wengine, sio wote, ulizia kabla. Asiyeweza anaapgredi hapo hapo, anachukua snapshot, yaani nakala ya seva nzima, na Postgres ikiwa imezimwa, sio inaandika, halafu SSH anafungua madirisha mawili, na la pili halifungi mpaka ameingia upya kwa dirisha la tatu na limekubali.

SEBA: Na kabla ya kuiwasha upya anapiga amri ya sshd -T aone SSH iko poti ipi.

NEEMA: Hiyo na df -h ya /boot, aone nafasi iliyobaki, maana kerneli za zamani, yaani viini vya mfumo, zikijaa pale inagoma njiani.

SEBA: Na Ijumaa jioni?

NEEMA: Ijumaa jioni mi simu nazima.