Kabla ya Kununua Mche Chimba Shimo Umwage Maji

MPWA: Haya karibuni tena jamani kwenye kipindi chetu cha bustani, niko hapa na shangazi yangu kama kawaida. Shikamoo Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Na nyie mnaotusikiliza hamjambo huko mliko.

MPWA: Leo sizunguki, naingia moja kwa moja maana kuna kitu kimeniuma kweli. Unaikumbuka ile miwaridi yangu mitatu ya uwani, ile karibu na ukuta?

SHANGAZI: Naikumbuka sana, ulinitumia mpaka picha.

MPWA: Miwili imekufa. Na wa tatu majani ya njano matupu. Na Shangazi mimi nimeihangaikia ile miti, kila siku jioni nikitoka kazini kabla hata sijavua viatu nashika mpira namwagilia, sijaruka hata siku moja, majani yakaanza kuwa ya njano nikasema kiu hii, nikazidisha maji, yakaanza kudondoka nikazidisha tena.

SHANGAZI: Pole mwanangu. Ulipoung'oa ule wa kwanza mizizi ilikuwaje?

MPWA: Myeusi, laini, ukiivuta ngozi inabaki mkononi. Na inanuka kama mtaro.

SHANGAZI: Basi huo haukufa kwa kiu, huo umezama. Sikiliza, mizizi nayo inapumua. Udongo mzuri ndani yake una vinafasi vidogovidogo, vingine vina maji vingine vina hewa, sasa ukimwaga maji kila siku na hayana pa kwenda vinafasi vyote vinajaa maji, hewa inatoka, mizizi inakosa oksijeni inaanza kuoza. Na mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji. Kwa hiyo juu majani yananyauka na kugeuka njano, sura ileile ya mche wenye kiu, wakati chini umesimama ndani ya maji. Ndo mtego wenyewe huo, mtu anaona mche umelegea anakimbilia mpira.

MPWA: Yani mimi nilikuwa namalizia kuuzamisha.

SHANGAZI: Ulifanya kwa mapenzi, ila mche ukilegea kabla hujafungua bomba ingiza kidole kwenye udongo, pitisha sentimita 5 hivi. Juu panaweza kuwa pakavu na chini kuna tope. Kidole kikitoka na unyevu, acha, rudi kesho. Kipimo hicho hakina gharama yoyote.

MPWA: Sasa kuna jirani ana miwaridi pia, anamwagilia karibu sawa na mimi na yake imenawiri. Hapo ndo nilipochanganyikiwa.

SHANGAZI: Kwa sababu udongo wenu sio mmoja. Hata kwenye ua mmoja pembe hii na ile zinaweza kutofautiana, hasa karibu na ukuta, maana mafundi wakijenga wanakanyaga wanashindilia udongo, na vifusi vinafukiwa hapohapo. Wewe kabla ya kupanda ulipima maji yanavyoshuka?

MPWA: Hapana. Nilichimba nikapanda.

SHANGAZI: Haya, wote mnaosikiliza hili ndo jambo nililokuja nalo leo, hata mkisahau mengine yote. Kabla hujanunua mche wowote, chimba shimo, kina chake sentimita 30, upana kama huohuo, ujaze maji, uyaache yaishe yote ili udongo wa pembeni ushibe. Alafu ujaze mara ya pili, hapo sasa ndo unaweka rula unatazama saa. Maji yakishuka sentimita 3 mpaka 5 kwa saa moja, hapo pazuri, panda. Yakishuka chini ya hapo, pamefumba, chochote utakachopanda kitateseka labda kiwe kinachopenda majimaji. Na yakizama haraka sana kama yamemwagwa kwenye chujio, hapo ni kichanga, utamwagilia utachoka.

MPWA: Mbona ile mara ya kwanza haihesabiwi?

SHANGAZI: Udongo mkavu unanyonya tu kwa ukavu wake, utakudanganya. Tunataka kujua unafanyaje ukiwa umeshashiba, kama baada ya mvua kubwa.

MPWA: Nina uhakika udongo wangu ni wa mfinyanzi. Ukiwa umelowa unanata kwenye jembe, ukikauka unapasuka nyufa. Nilikuwa nimepanga kuchanganya mchanga ili uwe mwepesi.

SHANGAZI: Hapana hapana, mchanga usiweke! Hilo kosa linafanywa na watu wengi mno. Mfinyanzi ni chembechembe ndogo sana, ukitia mchanga kidogo zile chembechembe zinajaza katikati ya punje za mchanga, na ukikauka una kitu kama tofali. Ili mchanga usaidie inabidi uwe mwingi kuliko udongo wenyewe, nani ana nguvu hizo. Tia mboji. Tandaza tabaka la sentimita 5 mpaka 8 juu ya tuta lote, alafu uchanganye kwa uma au jembe mpaka sentimita 15 au 20 chini. Tuta lote, sio shimo la mche peke yake.

MPWA: Kwa nini sio shimo peke yake? maana ndo nilivyofanya, nilijaza samadi nzuri shimoni.

SHANGAZI: Ndo maana maji yalikaa. Ukichimba shimo kwenye mfinyanzi mgumu ukajaza vitu laini, umetengeneza ndoo ardhini. Maji yanaingia kwa urahisi upande wa juu yakifika kwenye kuta za shimo yanagoma, yanabaki pale na mizizi yako ndani. Na ile mizizi yenyewe inaizoea ile sehemu laini, haitaki kutoka nje.

MPWA: Ndoo ardhini… hii imenigusa.

SHANGAZI: Na kama kipimo cha rula kimekataa kabisa usipigane na ardhi, inua tuta. Weka mawe au mbao pembeni ujaze udongo uliochanganywa na mboji mpaka sentimita 30 juu, panda humo. Miwaridi itakushukuru.

MPWA: Na huu wa tatu unaweza kupona?

SHANGAZI: Una mizizi myeupe hata michache?

MPWA: Nimefukua kidogo pembeni nimeiona, iko, myeupe na mingine kahawia ngumu.

SHANGAZI: Basi upo hai. Uchimbue taratibu asubuhi jua halijachoma, kata mizizi yote iliyooza kwa mkasi msafi, alafu juu nako upunguze matawi, kwa sababu mizizi imebaki michache haiwezi kulisha mwili mzima. Uhamishie kwenye tuta la kuinuliwa. Na mbolea usitie, mgonjwa halishwi kwa nguvu, subiri uone machipukizi mapya kwanza.

MPWA: Sawa. Sasa nikishauhamisha namwagiliaje, maana nimeshaogopa hata kushika mpira.

SHANGAZI: Usiogope, badilisha mtindo tu. Wewe ulikuwa unatoa kidogo kila siku, na tena juu ya majani, na tena jioni. Yote matatu yageuze. Mwagilia kwa nadra lakini kwa kina, weka mdomo wa mpira chini kwenye shina maji yatoke polepole yazame, alafu kaa siku kadhaa mpaka kidole kikuambie. Ukitoa kidogokidogo kila siku mizizi inabaki juujuu, siku ukisafiri jua likawaka yote inaungua. Maji yakishuka chini, mizizi inayafuata huko.

MPWA: Na jioni ina ubaya gani? mimi niliona jioni ndo maji hayapotei kwa jua.

SHANGAZI: Kwa maji upo sahihi, hayapotei. Tatizo ni majani kulala yamelowa. Mwaridi una ugonjwa wake unaitwa madoa meusi, ni kuvu, jani linapata vidoa vyeusi vyenye pembe zilizochanika chanika, linazunguka njano, linadondoka. Mbegu za ile kuvu zinahitaji jani libaki limelowa kwa muda kama masaa 7 mfululizo ndo ziote. Ukimwagia juu saa kumi na mbili jioni umezipa usiku kucha. Ukimwagia chini asubuhi, hata yakiruka matone kwenye majani jua linayakausha. Na majani yenye madoa yaliyodondoka yaokote yote, usiyaache chini ya mti na usiyatie kwenye lundo la mboji.

MPWA: Mimi yangu nilikuwa nayafagia naweka hapohapo kama matandazo.

SHANGAZI: Matandazo ni jambo jema sana lakini sio ya majani wagonjwa. Tumia majani makavu mazima, maranda, nyasi zilizokauka, unene wa sentimita 5 mpaka 7. Udongo haukauki haraka, magugu hayapati mwanga, na yakioza ndo mboji hiyohiyo. Ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kimoja, shina likifunikwa linabaki na unyevu linaoza.

MPWA: Nikuulize kuhusu bogenvilia, maana hiyo nayo ipo getini, ina majani mazuri ya kijani sana, imetambaa ukuta mzima lakini maua hamna. Mwaka mzima.

SHANGAZI: Inapata jua?

MPWA: Kutwa nzima.

SHANGAZI: Na unaitia nini?

MPWA: Mbolea. Ileile niliyonunua ya nyasi.

SHANGAZI: Umeshajijibu. Mfuko wa mbolea una namba tatu, ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Mbolea ya nyasi ile namba ya kwanza ni kubwa sana, kwa sababu kwenye nyasi tunataka majani, na bogenvilia ukiipa hiyo na maji ya kila siku inastarehe inatoa majani tu. Yenyewe maua inayatoa ikibanwa kidogo. Acha mbolea, acha ikauke kati ya maji na maji, alafu ipogoe, maua yake yanakuja kwenye matawi mapya.

MPWA: Kumbe inataka shida.

SHANGAZI: Shida ya kiasi. Na unajua yale mekundu yanayong'aa sio maua? Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati kama kibomba. Jina ilipewa kwa Bougainville, Mfaransa aliyeizunguka dunia kwa meli 1766 mpaka 1769, na kwenye safari hiyo alikuwemo mtaalamu wa mimea Commerson na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika nguo za kiume kwa sababu wanawake walikatazwa melini. Akawa mwanamke wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia. Mimi kila nikiipogoa namkumbuka yule mama, amebeba mimea ya watu huko porini bila mtu kumtambua.

MPWA: Hiyo sikuwahi kuisikia, kweli. Alafu kuna kitu huwa nakiwaza, Kiswahili kimetupa neno moja, ua la kunusa na ua wa nyumba, nyuma ya nyumba.

SHANGAZI: Mmoja nyua mwingine maua. Na mimi nikiingia kwenye ua usio na ua naona kuna kitu kimesahauliwa.

MPWA: Kuna wasikilizaji wameuliza wafanyeje maua yasiishe mapema, zinia, merigoldi, hayo ya msimu.

SHANGAZI: Kata yaliyonyauka. Mmea unatoa ua ili upate mbegu, ukishapata mbegu kazi yake imekwisha unapumzika. Ukilikata ua kabla halijafunga mbegu unajaribu tena, unatoa matumba mengine. Mimi kila asubuhi nazunguka na mkasi na kikapu, dakika kumi, na humohumo naona kila kitu, jani limetobolewa, vidukari, vile vidudu vidogo vinavyonyonya mmea, vimeanza kwenye ncha, mche umeegama. Kwa mwaridi usikate kichwa tu, shuka mpaka jani lenye vijani vitano, kata juu kidogo ya jicho, yani pale chipukizi linapotokea, liwe linaloangalia nje, tawi jipya litaelekea nje na katikati patapitisha hewa.

MPWA: Umetaja vidukari, dawa gani?

SHANGAZI: Vikiwa vichache vifinye kwa vidole au vipige maji ya nguvu vidondoke. Na ukiona kidudu cha duara mgongo mwekundu madoa meusi, usikiguse, chenyewe na watoto wake ndo wanakula vidukari. Ukipiga sumu unaua na hao. Watoto wake hawafanani naye, ni virefu vyeusi vina madoa ya machungwa, wengi wanaviua wakidhani ni wadudu wabaya, inaniuma sana.

MPWA: La mwisho Shangazi, ile kona ya nyuma ya nyumba isiyopata jua. Nilitaka kuweka miwaridi mipya huko.

SHANGAZI: Siku ya mapumziko kaa nayo. Angalia asubuhi, mchana na jioni, hesabu masaa jua linapogusa chini. Mwaridi unataka masaa 6 au zaidi. Chini ya hapo weka mimea ya majani, kangaga, vitu vinavyopenda kivuli, na kwenye kivuli napo unamwagilia kwa kidole, maana hapakauki haraka.

MPWA: Kesho asubuhi basi nachimba, shimo moja pale ukutani na lingine kule kona.

SHANGAZI: Jaza mara mbili. Na miche yoyote usinunue mpaka unipigie uniambie rula imesema ngapi.