Daftari la Karani na Wapagazi wa Vita Kuu

Kila nikiitwa kuzungumzia vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, watu hutaka mapigano ya Tanga na ujanja wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyepigana na Waingereza. Hayo mnayajua. Mimi nimekuja na habari za daftari walimoandikwa wapagazi waliolibebea jeshi la Waingereza mizigo, kama mwaka jana, na nitazirudia mpaka zisikike.

Kariakoo mnaijua kwa soko. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kilichopiga kambi pale baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Kariokor ya Nairobi nayo ni jina lilelile.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi za unga. Naye ana tumbo: tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, kilo 20 kazila mwenyewe. Askari aliye mbele anapata tano! Wanyama walikufa kwa mbung'o, magari yalikwama kwenye matope, kwa hiyo jeshi likataka watu, na jeshi lilivyozidi kusogea kusini, Rufiji mpaka Lindi, ndivyo lilivyozidi kuwataka. Upande wa Kenya ya leo, sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mshahara ukashushwa mpaka rupia tano kwa mwezi. Mwaka 1917 msako ukawa mkubwa kuliko wote. Chifu alidaiwa idadi, na idadi haina jina la baba wala kijiji.

Kambini mtu aliandikwa, akapewa namba. Lakini karani hakujua lugha yake, akaandika alichosikia. Kesho mtu huyo kahamishiwa msafara mwingine, keshokutwa kaanguka njiani kwa kuhara damu. Nani atakwenda kufuta jina lake, au kumpelekea mkewe taarifa?

Najua kuna mtu atainua mkono aniambie: mwalimu, ule ulikuwa msitu, karani angeandika saa ngapi? Nimelijibu hili mara nyingi na bado linaniudhi. Msitu ulikuwa mmoja! Askari wa Kizungu aliyekufa kwa malaria katika msitu huohuo ana kaburi lenye jina, cheo na tarehe. Karatasi zilikuwepo, wino ulikuwepo. Kilichoamuliwa ni nani aandikwe kwa uangalifu na nani ahesabiwe kama magunia.

Na matokeo yake si ya makaratasi tu. Watu wa Uganda waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi haukuiva vizuri, wakafa kwa matumbo. Msimamizi ambaye daftari lake lingemwambia watu wake wametoka wapi angeliona hilo mapema. Hapa ningetaka kuingia katika hospitali za wapagazi, lakini naona naonyeshwa saa, basi niziruke.

Mishahara, kwa kifupi: vita vilipokwisha, fedha za wengi zilibaki bila mwenyewe, kwa sababu jina la kwenye daftari halikumpata mtu wala mrithi. Wapagazi waliofariki, kwa hesabu za serikali yenyewe, walizidi 40,000.

Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo ulioko Nairobi unawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, na unaahidi kwamba anayekufa vitani, wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu waliokufa wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na huenda wakafika 350,000.

Kwa hiyo, kabla hamjatoka: kama nyumbani kwenu kuna babu aliyekwenda "Kariakoo" akarudi, au hakurudi, pale mlangoni nina daftari. Niandikieni jina lake, la baba yake, na kijiji. Tahajia muulizeni bibi, msikisie.