Sklerosisi ya Nini?

Jamani hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado watu wanateseka kwa neno moja tu. Kuna mama alinijia na majibu ya eksirei ya goti, kwenye karatasi pameandikwa sklerosisi, basi, hakuna aliyemweleza kitu. Usiku akaingia intaneti, akaandika neno hilo peke yake, akaletewa ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, mama wa watu siku tatu hakulala, akaanza kuwausia wanawe. Kwa goti!

Sasa goti lile lilikuwa na nini? Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, mfupa ulio chini yake unabeba mzigo bila mto, ukajiongezea unene, na mfupa ulioshikamana hivyo kwenye picha hutoka mweupe zaidi. Weupe huo ndio wasoma picha wanauita sklerosisi. Goti limechakaa, linauma kweli, tiba zake zipo, ila na ubongo wapi na wapi?

Neno lenyewe la Kigiriki, skleros, yaani gumu. Halikwambii ugumu wa kiungo gani wala umeletwa na nini. Ukiambiwa una kovu si utauliza kovu la nini, liko wapi? Hata ule ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo alioletewa mama, multiple sclerosis, daktari Charcot alipoueleza kule Paris mwaka 1868, jina lilifuata mabaka magumu yaliyoonekana kwenye ubongo na uti wa mgongo wa marehemu waliopasuliwa. Mabaka yale ni makovu, yamebaki baada ya kinga ya mwili kushambulia mielini, ule utando unaofunika neva. Jina limeshika kovu, chanzo hakimo.

Najua mtu ataniambia ripoti anaandikiwa daktari, mgonjwa haimhusu. Haimhusu vipi na anayeibeba ni yeye, na simu anayo mkononi? Inagharimu nini kuongeza "ya mfupa chini ya gegedu, kwa kuchakaa"? Maneno saba tu!

Haya, mishipa ya damu haraka haraka: atherosklerosisi, yaani mishipa kuwa migumu, athere kwa Kigiriki ni uji, ndani mafuta laini kama uji, juu ganda gumu. Sirosisi ya ini msiichanganye humu, ini linakuwa gumu kweli lakini daktari Laennec mwaka 1819 alilitoa jina kwenye rangi yake ya manjano-kahawia. Zile za ngozi na figo sizifikii leo. Naona mkono pale nyuma, uliza mama.