Jinsi ya kuona chuma kinavyozunguka ndani ya tope la mikoko

Karibuni watazamaji. Leo tunatengeneza chupa itakayotuonyesha jambo linalotokea kwenye sakafu ya bahari pale oksijeni inapokwisha: chuma kinayeyuka, kinasogea, kisha kinanaswa tena. Huhitaji maabara. Tafuta chupa mbili angavu za plastiki za lita 1.5, beseni, kijiko kirefu, majani makavu ya mkoko na msumari ulioshika kutu.

Nenda wakati maji yamekupwa. Mimi nipo Kunduchi, Dar es Salaam, pembeni mwa mikoko. Kabla hujachota, inama uangalie tundu la kaa. Kingo zake zina rangi ya kahawia inayoelekea chungwa, kama kutu, na ni kutu kweli. Kaa akichimba huingiza hewa, na chuma kilichokuwa kimeyeyuka topeni kikikutana na oksijeni huganda papo hapo. Sasa kwangua pembeni kwa ncha ya kijiko, sentimita chache tu. Tope jeusi tii, lenye harufu ya mayai viza. Nyekundu na nyeusi, na katikati yake upana wa kidole!

Chota hilo jeusi, bila kukata mizizi ya mikoko, na uchukue maji ya bahari ya kutosha chupa zote mbili. Nyumbani, tandaza tope kwenye beseni, ukae nje penye upepo, ulikoroge na kuliacha wazi usiku kucha. Weusi utafifia uwe kijivu, kisha kahawia. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na salfa, na hewa imeivunja.

Kata shingo za chupa. Chupa ya kwanza, changanya tope na majani yaliyosagwa, kiganja kimoja. Ya pili usitie majani. Hiyo ni ya kulinganishia. Jaza tope hadi nusu kwa awamu mbili: ukifika katikati, kwangua kutu ya msumari na ubandike kidogo kwenye ukuta wa chupa mahali utakapoiona kwa nje, kisha endelea kujaza. Mimina maji ya bahari juu polepole. Funika kwa nailoni iliyotobolewa, usikaze, maana kutakuwa na gesi. Weka ndani ya boksi lenye giza, mahali penye hewa na mbali na watoto. Maji yakipungua ongeza ya mvua, si ya bahari. Kilichoruka ni maji, chumvi imebaki.

Sasa subira. Bakteria wanakula majani, na kwa kula huko wanahitaji kitu cha kupokea elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji. Wanaanza na oksijeni. Ikiisha wanahamia naitreti, halafu manganizi, halafu chuma, halafu salfeti, chumvi yenye salfa ambayo maji ya bahari yanayo tele. Chuma kilicho kwenye kutu kimepoteza elektroni 3. Bakteria wakikirudishia moja, kinaweza kuyeyuka. Fosfeti, rutuba iliyokuwa imeshikamana na kutu, nayo huachiwa. Zamu ya salfeti ikifika, inatoka haidrojeni salfaidi, gesi ile yenye harufu ya mayai viza, na hiyo hukishika chuma na kukifanya kile cheusi tena.

Kagua kila siku chache. Chupa yenye majani itatangulia kuwa nyeusi, na ile kutu yako itageuka nyeusi kuanzia pembeni. Lakini nakuomba usiishie kwenye weusi. Washa tochi uangalie juu kidogo, kati ya utando wa kahawia uliogusana na maji na lile jeusi la chini. Ukiona mstari wa kijivu, hapo oksijeni imekwisha lakini salfaidi haijatawala. Ni hapo tu ndipo chuma kiko huru kusafiri.

Mstari huo ukiutanua uwe wa kilomita nyingi, umefika pwani ya Peru, Amerika Kusini. Pepo huvuta juu maji ya kina yenye rutuba, viumbe wadogo huzaliana sana, hufa na kuzama, na kuoza kwao kunamaliza oksijeni ya maji ya chini. Kwenye maji ya juu ya bahari kuu, chuma kilichoyeyuka mara nyingi hakifiki gramu 1 katika lita milioni 10. Juu ya sakafu pana ya bara, ile sehemu ya kina kifupi kando ya nchi kavu, kaskazini mwa Peru, maji yasiyo na oksijeni hukibeba kwa wingi mara nyingi zaidi, na upepo hukipandisha kulisha mimea midogo ambayo dagaa wa huko hutegemea. Kusini, sakafu ya bara ni nyembamba, chuma ni haba, na rutuba nyingine hubaki bila kutumika. Salfaidi ikizidi, chuma hubaki kimefungwa topeni. Oksijeni ikirudi katika maji ya joto, nusu ya chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu kwa dakika chache.

Jaribu hilo la mwisho mwenyewe. Baada ya wiki tatu hivi, peleka chupa nje, usiinusie puani, na ukoroge tope kwa kijiko hadi maji yachafuke. Acha wazi. Kesho yake angalia tabaka lililotua juu, ulinganishe rangi yake na ile ya kingo za tundu la kaa, kisha rudisha tope lote pale ulipolichota.