Mpe habari kwanza, faraja itafuata

Mkuu wa kikosi, maafande, mama zangu mliobaki na nyumba, wazee wangu, hamjambo.

Ratiba inasema nizungumze na familia namna ya kutulia wakati askari wetu wako vitani. Nitazungumza na maafande zaidi. Mama aliyelala na simu kifuani hana kosa la kurekebishwa. Anayepokea simu ofisini ndiye ninayemtaka leo.

Mlionisikia kabla ya leo mnajua nitakakoelekea, na nitaelekea huko huko. Familia ya askari hutulizwa na habari ya kweli, inayotoka kwa mtu wanayemfahamu, saa ile aliyoahidi, hata kama habari yenyewe ni kwamba bado hakuna habari. Nimelisema hili kwenye mikutano ya wazazi, kwenye misiba, na ofisini mbele ya wakubwa, na nitaendelea kulisema, kwa sababu kila jambo likitokea tunarudi kwenye "msiwe na wasiwasi".

Chukueni Desemba 2017. Semuliki siwaelezi, humu ndani wamo waliozika. Alhamisi jioni, tarehe 7, kituo chetu cha kulinda amani hapo Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, kikavamiwa, watu wakapigana saa nyingi usiku. Ijumaa dunia nzima ikajua. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Redio zikataja idadi: Watanzania wasiopungua 14. Idadi imetoka, majina hayajatoka. Naomba mlifikirie hilo taratibu. Kila mwanamke aliyekuwa na mume kule alikuwa mjane nusu tangu dakika ile.

Sisi tulikusanyika kwa jirani yangu. Sebule ndogo, simu zimelala sakafuni zinachajiwa kwenye kebo moja, na kila mmoja anaijua yake kwa ufa wa kioo. Unapiga, unaambiwa namba haipatikani. Unakata, unapiga tena. Jumamosi ilikuwa Sikukuu ya Uhuru, na mwaka ule sherehe zilikuwa Dodoma. Televisheni inaonyesha gwaride, vijana wamenyooka, bendi inapiga. Mmoja akainuka kuizima. Mwenzake akamshika mkono: "Iache, huenda wakapitisha majina hapo chini." Tukakaa tunatazama gwaride tukisubiri maandishi chini ya kioo.

Mwenye nyumba akapiga ofisi moja, sitaitaja. Kijana aliyepokea akamwambia kwa upole kabisa: "Mama, msiwe na wasiwasi, huko kila kitu kiko sawa." Tukamshukuru Mungu kwa sauti. Kuna aliyekwenda kubandika uji wa watoto, maana tangu asubuhi hawakuwa wametia kitu tumboni. Haikupita saa moja, ujumbe ukaingia kwenye simu ya huyo huyo mwenye nyumba, kutoka kwa binamu yake aliye Mwanza: "Pole sana dada, Mungu akupe nguvu." Hayo tu. Aliusoma amesimama, ndoo ya maji mkononi, na ndoo hakuiweka chini. Aliendelea kuishika.

Binamu alikuwa amesikia kwa mtu, naye huyo mtu alikuwa amesoma kwenye kundi la simu jina linalofanana. Mume alikuwa hai. Amejeruhiwa, lakini hai. Ila sikilizeni kilichofuata, ndicho kinachonileta hapa kila mara. Ofisi ilipopiga baadaye kumwambia mumewe yuko hospitali na anaendelea vizuri, habari ya kweli kabisa, hakuiamini. "Hata jana mliniambia kila kitu kiko sawa." Mume mwenyewe alipopata simu ya kuazima akapiga, sauti imekauka, mke akamuuliza cherehani waliinunua shilingi ngapi. Alikuwa anamtahini mumewe mwenyewe! Alipotaja bei ndipo yule mama akakaa chini, akalia.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alimwonea huruma. Lakini alitoa ahadi asiyokuwa nayo, na kwa ahadi ile akaiharibia kazi ofisi nzima kwa miezi iliyobaki. Alipaswa kusema hivi, na nyinyi maafande vijana mliokaa upande huu mshike kalamu: "Mama, ni kweli kituo kimeshambuliwa na wapo waliofariki. Majina sina. Habari za mzee wako sijazipata, nzuri wala mbaya. Nitakupigia saa kumi jioni, niwe na jipya au nisiwe nalo." Halafu saa kumi upige. Ikiwa huna jipya, upige useme huna. Mama akijua kuna simu ya saa kumi, ataweza kuogesha watoto saa tisa.

Najua afande mmoja hapo anasema moyoni: mwalimu, kuna siri za jeshi. Zipo, na mke wa askari anazijua kuliko wewe unavyodhani, maana amezitunza miaka yote bila kuapishwa. Hakuulizi kituo kiko wapi wala wana risasi ngapi. Anauliza mambo mawili: yu hai? Nitaambiwa lini? Hakuna adui atakayeshinda vita kwa kusikia majibu hayo. Na ukinyamaza, siri hukuitunza. Umewaachia wenye bando waitangaze wanavyotaka. Januari 2025, mji wa Goma huko Kongo ulipoanguka mikononi mwa waasi na vijana wetu wako kule na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, picha za mitaani zilifika kwenye simu za watoto wetu kabla hatujasikia neno la mtu mzima.

Mwingine atasema wakati wa vita vya Kagera simu hazikuwepo na wake walivumilia. Hili linaniudhi, nitalijibu vizuri. Mama yangu alikuwa mmoja wa wake hao, baba yuko Uganda, mimi niko shule. Kwanza, habari ilikuwa inachelewa kwa wote. Hakuna binamu wa Mwanza aliyeweza kukutumia pole kwa sekunde mbili. Pili, vita vile vilikuwa vya nchi nzima. Tangu Mwalimu Nyerere aliposema Novemba 1978 kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, hapakuwa na mtaa usiokuwa na mgambo aliyekwenda au mtu aliyetoa ng'ombe wake. Mke wa askari akienda kisimani anasalimiwa kwa vita. Na tatu, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anapita jioni. Hakuwa na habari zozote za mbele zaidi ya zile za redio. Anabisha, anaulizia watoto, anamwambia mama "sijasikia kitu, kesho nitapita", na kesho anapita. Alipita hivyo mpaka Kampala ilipotekwa Aprili 1979 na baada ya hapo. Mnasema walivumilia? Waliangaliwa!

Leo mume yuko Kongo, na jirani wa ukuta mmoja hajui hata kwamba tulikwenda huko tangu 2013 na wenzetu wa Afrika Kusini na Malawi. Vita ni vya nyumba moja moja. Kwa hiyo kama balozi hapiti, ofisi lazima ipite.

Na jirani zetu wa Kenya walituonyesha ubaya wa kunyamaza. El Adde, Januari 15, 2016. Kambi yao nchini Somalia ikavamiwa alfajiri. Misa ya kumbukumbu ilifanyika kambini Eldoret, marais wakaja, hotuba zikatolewa. Lakini idadi ya waliokufa Serikali haikuitoa. Rais wa Somalia akaja kuitaja ya kwake kwenye mahojiano ya televisheni, Kenya ikaikanusha, na yenyewe isitoe yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule uliwafika wajane waliokuwa wakisubiri vipimo vya vinasaba ili wajue wanazika nani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, watoto. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Nimefundisha shule iliyo jirani na kambi maisha yangu yote ya kazi, na mtoto ambaye nyumbani wananong'ona humtambui kwa machozi, unamtambua kwa kuacha kuandika tarehe ubaoni na daftarini. Mwambieni kwa maneno mafupi: baba yuko mahali pa hatari, tukisikia tutakuambia siku hiyo hiyo. Kisha mtimize.

Fedha nilitaka kuzisema kwa kirefu, nani anasaini benki, cheti cha ndoa kiko wapi, jina la nani limeandikwa kama mrithi, maana nimeona mama anafukuzwa na mashemeji tanga halijaanuliwa. Muda hauniruhusu. Mkimaliza hapa, kabla wanaoondoka hawajaondoka, kaeni mume na mke mfungue lile faili pamoja. Na la askari anayerudi akiwa si yule aliyeondoka litahitaji siku yake.

Pale mlangoni kuna karatasi. Kila familia iandike namba mbili: ya kwanza ya mke au mzazi, ya pili ya mtu mzima atakayekaa naye habari ikiwa mbaya. Mkuu wa kikosi ameniahidi mbele yenu kwamba kila Jumatano saa kumi jioni kutakuwa na simu, na jina la afande atakayepiga litabandikwa getini kuanzia kesho. Afande huyo asipopiga, nendeni mumuulize. Nitakuja pamoja nanyi.