Chaza Mkubwa na Jirani Yake: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Shikamooni wazee wangu, na wengine nyote hamjambo. Mama zangu mnaoteremka mwambani na michokoo maji ya bamvua yakishatoka, huyu nitakayemsema leo mnamjua: chaza mkubwa, wa kombe zito lenye mawimbi mdomoni, nyama yake buluu, kijani au kahawia yenye madoa.

Kwanza tuondoe hadithi za kwenye simu. Lile jitu mnaloliona kwenye picha, linalopita mita moja na kilo 200, ni chaza ambaye wataalamu humwita Tridacna gigas. Makao yake ni kusini-mashariki mwa Asia na bahari ya Pasifiki. Huku kwetu hayupo. Wetu wanaojulikana zaidi ni wawili. Tridacna maxima hujichimbia ndani ya mwamba mpaka ukaona midomo tu. Tridacna squamosa hukaa juu, kajishikiza kwa nyuzi, na mgongoni ana magamba yaliyosimama ambamo kaa wadogo hujificha. Wote wawili ni nadra kupita sentimita 40.

Sasa, anakula nini? Huchuja maji kama chaza wengine, lakini riziki yake kubwa haitoki huko. Ana shamba mwilini. Tumboni mwake hutoka vijifereji vinavyotawanyika ndani ya ile nyama ya rangi, na vimejaa mwani wa chembe moja, mdogo hata jicho halioni. Mwani hupokea jua, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa humpa mwenye nyumba. Naye huupa hewa ya ukaa na taka zake, ambazo kwa mwani ni mbolea. Ile buluu inayowapendeza watalii nayo ina kazi: ni chembe zinazoakisi na kutawanya mwanga ili umfikie hata mwani uliokaa chini. Ndiyo maana mchana hujitandaza wazi, ingawa kujianika hivyo ni hatari.

Kwa hatari hiyo amepewa macho. Mkimkuta katika maji matulivu, tazameni ukingo wa nyama: kuna vidoa vyeusi vidogo vilivyofuatana, mamia. Kila kimoja ni jicho, kitundu kitupu kisicho na lenzi. Hakutambui wewe ni nani, ila kivuli chako kikipita tu, hurudisha nyama ndani na kujifunga.

Mtu anayeishi kwa jua hawezi kukaa kwenye tope. Mto Zigi unaposhuka kutoka Usambara Mashariki wakati wa masika, maji ya ghuba yetu huwa mazito, na mwanga haufiki mbali. Kwa hiyo mtafuteni kwenye miamba ya nje, maji maangavu, kina kifupi. Joto nalo humuumiza. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kali mwambao wa Afrika Mashariki, matumbawe mengi yalipauka. Na chaza huyu hupauka vivyo hivyo, kwa kumpoteza yule mwani.

Lakini mimi naona shida yake kubwa iko kwenye uzazi, na hapa naomba mnisikilize sana. Huanza maisha akiwa dume. Akikua, hupata na mayai, akawa dume na jike kwa pamoja. Msimu ukifika hutoa mbegu za kiume kwanza, halafu mayai, yote yakaelea baharini. Hawezi kumfuata mwenzake. Jirani akiwa karibu hupata harufu ya mayai majini, naye humwaga. Yakakutana, vikatokea vitoto vinavyoogelea siku kadhaa kabla ya kukaa mwambani. Jirani akiwa mbali, maji huchukua kila kitu.

Kwa hiyo mtu akisema, "Nimechukua watano tu, mwamba huu una kumi," hesabu yake si kamili. Watano waliobaki, wakiwa wametawanyika, wanaweza kuishi miaka wakiwa wazima kabisa na wasipate mtoto hata mmoja. Nje tutaona chaza wapo. Kumbe ni wazee watupu. Uvuvi wa baruti, ambao Tanga tunaujua vizuri kuliko tungependa, hufanya kazi hiyohiyo kwa mpigo mmoja, na huvunja hata mahali pa mtoto kushika.

Biashara ya makombe yake kuvuka mipaka iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe pori, tangu miaka ya 1980, hivyo vijana mnaouza pambo kwa wageni, mjue mgeni anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege.

Na yule aliyeniuliza mlangoni kama chaza huyu hubana mguu wa mzamiaji mpaka mtu afe: hakuna kifo cha namna hiyo kilichothibitishwa, hata kwa lile jitu la Pasifiki. Kidole ni habari nyingine, msijaribu. Haya, naona mkono kule nyuma. Karibu, mzee.